Mama Ananawa Mapema

Motari yule, dereva wa pikipiki ya abiria, alikuwa kijana mpole, na nadhani ndiyo maana maneno yake yaliniuma hivyo. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 2023. Tulikuwa tunapanda kutoka Nyawera kwenda soko la Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, mimi nyuma, mzigo wa vikwembe, yaani vitenge, katikati yetu. Pale mlima unapokaza, pikipiki ikaanza kukohoa, ikapunguza mwendo, ikasimama. Kijana akaweka miguu chini, akageuza shingo, akasema taratibu: "Mama, tusaidiane. Uende kwa mguu mpaka pale juu, nitakungojea na mzigo." Akabeba mzigo, akaniacha mimi. Nikiwa napanda nahema, ikanipita pikipiki nyingine yenye abiria wawili na mbuzi.

Mpaka siku ile nilikuwa najisifu kwamba mamotari wa Bukavu wananiheshimu. Wengine wote wanawapakia wawili wawili. Mimi wananipeleka peke yangu.

Nauza vikwembe tangu 2009, na kwa kazi hii mwili ni kibao cha duka. Mteja hanunui kitambaa kilichokunjwa, ananunua kile anachokiona kwako. Tulikuwa tunasema sokoni kwamba mwanamke mwembamba akivaa kikwembe ni kama kimeanikwa kwenye kamba. Mama yangu mzazi naye alikuwa na neno lake: binti akiolewa asinenepe, watu wanamwangalia mume. Basi mimi nilimpa mume wangu heshima, na kwa kila mtoto nikaongeza nyingine. Fundi wangu huwa anaacha akiba ya vidole viwili ndani ya mshono, na kila mwisho wa mwaka anafumua kidogo. Mwaka 2022 akiba iliisha. Akaunga vipande vya kitambaa cha rangi nyingine ubavuni, akaniambia ndiyo modeli mpya. Nikamwamini, na nikawauzia modeli hiyo wanawake watatu.

Wiki moja baada ya ule mlima nilikwenda kituo cha afya, kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma kila asubuhi na nilikuwa nimechoka kulaumu jua. Presha 152 kwa 96. Kilo 94. Urefu mita 1.60. Muuguzi akachukua kilo, akazigawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, akapata 36.7, akanieleza kwamba kuanzia 30 unaitwa unene wa kupindukia. Akaiandika namba ile kwenye kadi yangu kama mtu anayeandika deni. Kisha akanipa karatasi ya Kifaransa, imenakiliwa mara nyingi hadi herufi zimefifia: asubuhi mtindi usio na mafuta, mchana brokoli na samoni, jioni kipande cha jibini. Nilimuuliza samoni anavuliwa upande gani wa Ziwa Kivu letu. Hakucheka.

Alisema lakini jambo moja nililolishika: kwamba si lazima nirudi kuwa msichana, kwamba kupunguza hata asilimia 5 mpaka 10 ya uzito kunaweza kuteremsha presha. Kwangu hiyo ilikuwa kilo 5 mpaka 9. Kilo tisa nazijua, ni mzigo wa vitambaa ambao naubeba kwa mkono mmoja. Nirudi kila mwezi anipime, na kama haishuki tutaanza vidonge.

Mwezi wa kwanza nauruka haraka kwa sababu ni aibu. Nilinunua chai ya kukata tumbo kwa mchuuzi anayepita na kipaza sauti, na kweli ilikata tumbo, siku nne sikuweza kukaa dukani. Nikajaribu kushinda na maji ya limau. Kilo tatu zilikwenda, kilo nne zikarudi.

Shida yenyewe niliikuta nyumbani, kwenye sahani. Kwetu bugali, yaani ugali, inakuja sahani moja kubwa, mboga bakuli moja katikati, na mikono saba inaingia. Hakuna sahani ya mama. Muuguzi aliponiambia "kula nusu ya sahani yako", nilirudi nyumbani nikakaa na lile neno: nusu ya nini? Nikaamua kuhesabu matonge. Jioni ya kwanza nilikula matonge manane, nikanawa mikono, nikaegemea ukuta.

Mama mkwe wangu alikuwa nasi, amekuja kutoka Walungu kutibiwa macho. Macho yalikuwa yanamsumbua, lakini sauti ya maji aliisikia. Akaacha kutafuna. Hakusema kitu mpaka watoto walipolala, ndipo akaniita nje.

"Binti yangu, nyumba hii ina shida gani?"

"Hakuna shida, Mama."

"Usinifiche. Nimelea watoto wanane. Najua mwanamke ananawa mapema kwa sababu gani."

Nami nilijua. Nilipokuwa mtoto, miezi ile ya kungoja mavuno, mama yetu alikuwa anakula matonge matatu, ananawa, anasema ameshiba alipokuwa anapika. Hakuna aliyemwamini hata kidogo, na sote tuliendelea kula. Mama akinawa mapema, maana yake unga ni mdogo. Kwa mama mkwe, matonge yangu manane yalikuwa yanasema kwamba mwanawe ameshindwa kulisha nyumba na mimi namfichia. Nilianza kumweleza habari za presha, za mita na kilo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akafungua fundo la kikwembe chake, akanitolea faranga 20,000. "Nunua unga," akasema. "Hatutamwambia."

Nilizipokea. Pesa ya mkubwa huirudishi. Lakini usiku ule sikulala, nikijiuliza nitapunguaje mwili bila kutangaza njaa mbele ya watu wangu.

Jibu lilitoka kwenye bakuli la mboga, na nilikawia kuliona kwa sababu macho yangu yote yalikuwa kwenye bugali. Tazama watu wanavyokula. Mboga ikiwa kidogo, tonge linakuwa kubwa, linagusa mchuzi kama linasalimia tu, linaingia mdomoni. Mboga ikiwa nyingi, mkono unakata tonge dogo ili ubebe mboga. Hakuna anayeamrishwa, mkono wenyewe unajua. Basi nikaacha kuhesabu matonge, nikaongeza mboga mara mbili: lengalenga (mchicha) mafungu sita badala ya matatu, kabichi, bilinganya, maharagi karibu kila siku. Nikakaa sahanini mpaka mwisho na wengine, mkono wangu ukitembelea bakuli zaidi. Mama mkwe akafurahi. Unga uliokuwa unaisha siku tano ukafika siku ya saba, naye akaamini ni zile faranga zake.

Kisha mafuta. Mwanangu wa kwanza yuko chuoni, na mtoto wa chuo ukimpa jambo la kuhesabu anasahau kukuomba pesa. Nilimwambia chupa ya sentilita 75 inaisha siku tatu. Akakaa na kalamu: gramu moja ya mafuta ni kalori 9, chupa ina karibu gramu 690, gawa kwa watu saba, gawa kwa siku tatu. Akapata karibu kalori 300 kwa kila mtu kwa siku, kabla hujahesabu tonge hata moja. Nilikuwa namimina kwa kuangalia rangi ya sufuria, kama mama yangu, kama mama yake. Nikaanza kupima kwa kijiko. Chupa ikafika siku sita. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, nikaacha kuwazamisha kwenye mafuta. Nawakausha kwenye sufuria na chumvi kidogo, kitunguu na limau. (Karatasi ya muuguzi ilitaka samaki wa mbali. Sambaza nao ni wageni, waliletwa humu ziwani kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anakumbuka?)

Baba watoto alionja mboga ya juma la kwanza, akauliza imepikiwa mgonjwa yupi. Tulibishana, tukapatana. Kwenye sombe nilishindwa, nakiri. Sombe bila mawese na karanga ni majani ya mihogo tu, na mimi mwenyewe sikutaka kushinda vita ile. Jumapili sombe inakuja kama ilivyokuwa inakuja tangu zamani, na naila.

Kama ungeniuliza ni kitu gani kimoja kiliondoa kilo nyingi, ningekwambia sukre, yaani soda. Sokoni saa nne tunakunywa sukre baridi na mandazi, na alasiri tena, kwa sababu kukaa dukani kunachosha mdomo. Mwanangu alisoma kibandiko: kama gramu 10 na nusu za sukari kwa kila sentilita kumi. Chupa moja ndogo ni vijiko vinane vya chai. Mimi ni mtu ambaye chai ikiwa na vijiko vitatu nasema imezidi sukari, na nilikuwa nakunywa vijiko kumi na sita kila siku kwa sababu vimetiwa barafu. Niliacha ndani ya wiki moja, kichwa kikiniuma kama cha mlevi. Tatizo likawa jirani yangu anayeuza mandazi. Siku ya tatu alikuja mbele ya meza yangu, mikono kiunoni: "Mama Vikwembe, nimekukosea nini?" Kwake nilikuwa nimevunja urafiki wa miaka kumi. Tukaelewana kwamba nitanunua kama kawaida na kuwapelekea watoto. Kwa hiyo mandazi hayakupungua katika familia yetu, yalibadilisha tumbo tu, na hilo bado sijalitatua.

Kuhusu mazoezi, muuguzi alitaja dakika 150 kwa wiki, za mwendo wa kukufanya uheme kidogo. Mtu wa Bukavu hahitaji kulipa chumba cha mazoezi. Mji umekaa kwenye vilima juu ya ziwa, na ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukitoka mlangoni ama unapanda ama unateremka. Kutoka kwetu mpaka sokoni ni dakika 45 za mguu, nusu yake mlima mtupu. Nikaanza kutoka saa kumi na moja na robo alfajiri, viatu vya raba chini, kikwembe juu, vile vizuri nimevitia kwenye mfuko.

Juma la kwanza nilipumzika mara tatu kabla ya kufika, nikijifanya napiga simu. Na kila aliyenijua alisimama. "Mama, umekosa nauli ya pikipiki?" Kutembea hapa ni kazi ya asiye na nauli, na mwenye duka akionekana kwa mguu, duka linaulizwa. Siku ya nane binamu wa mume wangu alimpigia simu kumpa pole kwa kufilisika kwetu. Baba watoto aliniwekea nauli mezani kesho yake, bila neno, na kesho kutwa tena. Niliichukua kila siku nikaiweka kwenye kopo la maziwa. Mwezi wa kumi na mbili nilimnunulia viatu vya Noeli, nikamwambia vimetoka mguuni mwangu. Hapo ndipo alipocheka.

Mlimani alfajiri sikuwa peke yangu. Wamama wanaobeba mizigo wanaamka kabla ya jogoo. Umewaona: gunia la makaa au la unga mgongoni, kamba kipajini, macho chini. Gunia la kilo 50, na mwanamke mwenyewe pengine hafiki 50. Mimi nikiwa na mfuko wa vitenge viwili nilikuwa nakatwa pumzi kando yao. Asubuhi moja mmoja wao, mtu mzima kunizidi, aliniangalia nikisimama na simu yangu ya uongo. Akasema bila kusimama: "Mama, wewe unapanda na kifua. Mlima unapandwa na mguu. Hatua fupi, na usinyooke, katisha." Nikamfuata nyuma. Hatua ya nusu mguu, kulia kidogo, kushoto kidogo, mdomo umefungwa. Nilifika juu bila kusimama kwa mara ya kwanza. Nilipotaka kumshukuru alikuwa ameshaingia sokoni kutua gunia.

Nimemfikiria sana. Nilitaka hata kumwita mwalimu wangu, lakini ni mwalimu gani unayemwacha abebe gunia ili wewe ubebe kilo zako mwenyewe? Yeye hana neno mazoezi. Kuna asubuhi nilizotembea nikiona haya ya kutembea, na sikuacha, nami siwezi kueleza vizuri kwa nini haya ile haikunirudisha kwenye pikipiki. Presha labda. Kichwa kilikuwa kimeacha kuuma.

Mwezi wa nne wa kazi hii nilikuwa kilo 87. Wateja wakaanza kuniangalia shingo. Mtu akikonda kwetu kuna maelezo matatu tu: ugonjwa ule usiotajwa, mume ameoa mwingine, au deni. Nilizungukwa na yote matatu. Jumapili moja mchana wamama wanane wa kanisani walikuja nyumbani bila taarifa, wakaimba, wakaweka mikono juu ya kichwa changu, wakaniombea kwa machozi ya kweli. Nilijaribu kusema "Wamama, mimi ni mzima," na kiongozi wao akanishika bega: "Usijifiche mbele ya Mungu." Walipomaliza wakafunua walichobeba: sufuria ya wali wa mafuta, mbuzi, na kreti ya sukre. Walikaa kuhakikisha nakula. Nilikula. Nilikula vizuri kabisa, na usiku nilicheka peke yangu kitandani mpaka baba watoto akaamka.

Mwezi wa saba 2024, mwaka kamili tangu ule mlima, nilikuwa kilo 80, presha 128 kwa 82. Muuguzi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Nikamwambia nimekuwa nakula samoni.

Halafu ikaja Februari 2025, vita vikaingia mjini. Siandiki habari za vita, wengine wanaziandika. Nasema tu kwamba benki zilifungwa, duka lilikaa bila kufunguliwa majuma, na hakuna mwanamke aliyekuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri. Ndugu wa mume wangu walifika kwetu na godoro moja, tukawa watu kumi na watatu. Nilipanda na kushuka ngazi za kiwanja chetu kwa siku chache, ngazi ishirini na mbili, kisha nikaacha. Si kwa uvivu. Ilikuwa vigumu kuhema kwa makusudi mbele ya watu waliotembea siku mbili na watoto mgongoni.

Sahani ilikuwa ileile, mikono kumi na mitatu. Jioni moja nilichukua matonge manne, nikanawa, nikasema nimeshiba nilipokuwa napika. Shemeji yangu mke akanitazama, akanawa naye. Kisha mama mkwe. Tuliegemea ukuta watatu, watoto wakaendelea kula bila kutuamini hata kidogo. Mama mkwe akaninong'oneza: "Sasa hii ndiyo yenyewe." Sikuwa na faranga za kumrudishia.

Ungedhani nilikonda zaidi. Niliongezeka. Bugali ilikuwa nyingi kuliko mboga, mafungu ya lengalenga yalipanda bei, miguu ililala, na usiku nilikuwa naamka kula kilichobaki kwa hofu tu, nikiwa nimesimama gizani. Duka lilipofunguliwa nilikuwa kilo 86. Nimeanza tena kutembea, saa kumi na mbili sasa, kukiwa kumepambazuka, pamoja na wanawake wawili wa mtaani ambao zamani walinipa pole. Leo niko 83.

Juma lililopita nilimpelekea fundi wangu ile nguo ya vipande ubavuni. Aliigeuza, akafumua mbavu zote mbili, vipande vya modeli mpya vikaanguka chini. Akanipima, akaandika kwa chaki. Ndani kulibaki kitambaa kingi pande zote, naye akashika mkasi.

"Hii ya ndani nikate, Mama?"

Niliangalia mkasi. Nikafikiria ule usiku wa kula nimesimama, na mlima wa kesho asubuhi.

"Acha," nikamwambia.

Akaweka mkasi, akapiga mshono, akaacha vidole viwili.